Gemu niliyoinunua imegoma kufunguka kijijini, ya duka lisilo na kufuli imefunguka. Wakuu, sisi wa huku kati tununue wapi?

#1 Mtoto wa Nkuhungu

Habari wakuu. Naomba niweke mkasa wangu hapa, maana pesa yangu imeniuma.

Mwezi uliopita nilienda likizo kwa bibi, wilaya ya Chemba, ndani kabisa ukishaiacha lami ya Kondoa. Mtandao pale ni wa kutafuta. Kuna mbuyu nje kidogo ya kijiji, ukisimama upande wa magharibi unapata vimistari viwili. Umeme ni wa sola ya bibi, laptopu inachaji bila shida. Nilibeba gemu mbili, zote halali. Moja ni Stardew Valley, ya kulima shamba, niliinunua GOG, duka la mtandaoni lisilo na kufuli, kwa dola 14.99, nikashusha setapu yake (faili la kuisakinisha) nikaiweka kwenye flashi. Nyingine ni ya mbio za magari, ya duka jingine (silitaji, sijaja kuchafua biashara ya mtu), yale yenye kufuli, yaani ya kuingia na akaunti na kuthibitisha leseni kwanza ndipo ucheze.

Usiku wa pili mdogo wangu kakaa na pedi mkononi anasubiri magari. Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, kikatokea kidirisha cha kijivu: leseni haijathibitishwa, unganisha intaneti ujaribu tena. Kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kufunga. Tukatoka, laptopu mgongoni, dogo anamulika tochi, mpaka kwenye mbuyu. Nikafungua hotspoti ya simu. Tulisimama pale karibu saa nzima, ikakataa. Tulivyorudi nikafungua ile ya shamba, ikafunguka hapo hapo.

Na ile ya magari niliicheza mjini asubuhi ya siku ya safari, nikaiweka kabisa kwenye hali ya kucheza bila mtandao. Sasa iligoma kwa nini? Na kwa mtu wa Dodoma ambaye mtandao leo upo kesho haupo, kuna sababu gani ya kuendelea kununua kwenye duka lenye kufuli?

#2 Zabibu Nyeusi

Pole mkuu. Naweka kiti hapa, maana na mimi naenda Mpwapwa mwezi ujao na laptopu yangu.

#3 Fundi wa Makole

Mkuu #1, swali moja tu kabla hatujaenda mbali. Hiyo laptopu iliishiwa chaji kabisa njiani? Na ulipoiwasha kijijini, tarehe iliyosoma pale chini kulia ilikuwa sahihi?

Nakuuliza kwa sababu laptopu za mtumba tunazonunua huku nyingi betri yake ya ndani, ile ndogo kama sarafu inayotunza saa, imeshakufa. Chaji ikiisha kabisa, saa inarudi nyuma miaka. Leseni nyingi zinaangalia tarehe. Zikiona leo ni kabla ya siku uliyonunua, zinajua unafanya ujanja, zinafunga. Nimeshabadilisha hizo betri nyingi hapa Makole, mtu analeta mashine anasema imeingia virusi, kumbe saa imerudi 2012.

#4 Kijana wa Kibaigwa

Mnazunguka sana. Steam na maduka wenzake wote gemu zao zina kufuli, mwisho wa habari. GOG ni Wamarekani walioanza 2010 na kuamua kuuza bila kufuli. Nunua GOG, funga mjadala.

#5 Binti wa Kondoa

Kaka wa Kibaigwa, hapo umekosea mara tatu.

GOG si ya Wamarekani, ni ya Poland. Ilianzishwa 2008 na CD Projekt ya Warsaw, hao hao waliotengeneza The Witcher 3 ya 2015 na Cyberpunk 2077 ya Desemba 2020. Jina lilikuwa Good Old Games kwa sababu walianza na gemu za zamani, wakawa wanazirekebisha zikubali kwenye kompyuta mpya.

Na Steam si kweli kwamba gemu zote zina kufuli. Valve waliifungua Septemba 2003, na kufuli wanalo, lakini wanamwachia mtengenezaji aamue kulitumia au kutolitumia. Baldur's Gate 3 ya 2023 ukiinunua Steam, ukishaishusha unaweza kuingia kwenye folda lake ukaiendesha Steam yenyewe ikiwa imezimwa. Zipo nyingine nyingi za hivyo. Tofauti ni kwamba Steam hawakupi setapu. Ukitaka kuihamishia kompyuta nyingine kwa njia yao, lazima uingie na akaunti. GOG unapewa setapu mkononi, na hata ile programu yao ya Galaxy si lazima uwe nayo.

Kwa hiyo swali lisiwe duka gani tu, liwe pia gemu gani. Kwenye ukurasa wa gemu pale Steam, upande wa kulia, wanaandika kama gemu ina DRM (ndilo kufuli lenyewe) ya kampuni nyingine. Watu hawasomi.

#6 Kijana wa Kibaigwa

Nimekusoma dada. Asante. Ila bado GOG ndiyo jibu.

#7 Mtoto wa Nkuhungu

Fundi, umenigusa. Laptopu ilizima kabisa ndani ya basi, dogo alikuwa anaangalia muvi. Tarehe sikuiangalia. Nakumbuka tu saa ilikuwa inasema alfajiri wakati sisi tupo usiku, nikadhani ni mambo ya kawaida.

#8 Ihumwa Relini

Nadhani Fundi kaona dalili, ugonjwa ni mwingine. Gemu za magari za kampuni kubwa nyingi zimefungwa kwa kufuli la Denuvo. Hii ni kampuni ya Salzburg, Austria, ilianza kusikika 2014 na FIFA 15, na 2018 ikanunuliwa na Irdeto. Ukifungua gemu mara ya kwanza inatuma taarifa za kompyuta yako kwenye seva, inarudishiwa kitu kama kibali. Kibali kile kimefungwa na mashine yako: prosesa, Windows na kadhalika. Kikikubali, unaweza kucheza bila mtandao siku nyingi. Lakini Windows ikijisasisha kwa kishindo au ukibadilisha kifaa, kibali kinaonekana si cha mashine hiyo, inabidi uombe kingine, na kuomba kunataka intaneti.

Mkuu #1, asubuhi ile baada ya kucheza, ulizima laptopu ikasema inasasisha usiizime?

#9 Mtoto wa Nkuhungu

Ndiyo! Ilisasisha karibu nusu saa, nikakaribia kuchelewa basi pale stendi.

#10 Ihumwa Relini

Basi jibu lako ni hilo.

#11 Fundi wa Makole

Kaka Ihumwa, taratibu. Sasisho za kawaida za kila mwezi haziui kibali cha Denuvo, ingekuwa hivyo nusu ya dunia ingelia kila mwezi. Ni zile kubwa za kubadilisha toleo. Mimi bado nashikilia saa.

#12 Nzuguni Mtaa wa Pili

Mmesahau jambo la tatu. Gemu nyingi za kampuni kubwa zina milango miwili. Unanunua duka A, lakini ukibonyeza inafungua programu ya kampuni B iliyotengeneza gemu, nayo inataka akaunti yake. GTA V ukiinunua Steam bado inapitia programu ya Rockstar. Gemu za EA zinapitia programu ya EA. Mkuu #1 ameweka duka A kwenye hali ya kutotumia mtandao, sawa, je mlango wa B aliuandaa? Kila mmoja una hali yake. Wengi wanafunga mlango mmoja wanadhani wamemaliza nyumba.

#13 Mtoto wa Nkuhungu

Mlango wa pili upo kweli. Sikuugusa kabisa. Kaka, sasa nina sababu tatu na sijui nimshike nani.

#14 Mwenye Kibanda Chang'ombe

Niongee kama mfanyabiashara. Nina kibanda cha gemu hapa Chang'ombe, PS4 nne na kompyuta mbili. Wateja wangu ni vijana wa bodaboda na wanafunzi. Wanataka mpira. Nikiwaambia nina gemu ya kulima mchicha wananiacha wanaenda kwa jirani. GOG hakuna EA FC. Gemu nyingi za mpira zinazochezwa mtaani huzikuti kule. Kwa hiyo nyie mnasema duka lisilo na kufuli, mimi nauliza: bidhaa ipo?

Na Fundi, kuhusu betri ya sarafu una haki. Kwenye PS4 lilishakuwa tatizo linalojulikana dunia nzima. Mwaka 2021 watu waligundua betri ile ikifa na mtandao wa PlayStation haupatikani, hata diski halali inakataa, kisa tu ni saa na zile tuzo za ndani ya gemu. Sasisho namba 9.00 la mwaka huo huo ndilo lilirekebisha. Kwa hiyo mwenye PS4 ya zamani ambayo haijawahi kuonja mtandao, asasishe kabla betri haijafa.

#15 Fundi wa Makole

Asante mzee wa Chang'ombe. Nilikuwa nasubiri mtu aseme hilo.

#16 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma yote. Kompyuta nilijifunza ukubwani, sasa nacheza za mikakati na mjukuu wangu hapa Kikuyu.

Kufuli si jambo la jana. Zamani kufuli lilikuwa ndani ya diski yenyewe. Mwaka 2015 Windows 10 ilipotoka, Microsoft waliacha kuruhusu SafeDisc na SecuROM za zamani kwa sababu za usalama, na walikuwa na haki, maana vile vifungio viliingia ndani mno ya mashine. Lakini matokeo yake diski halali za miaka ya 2000 ziligeuka visahani. Mwenye diski hana kosa, aliyeondoa kifungio hana kosa, na gemu haifunguki. Nyingi kati ya hizo leo nazipata GOG, zimeondolewa kifungio, zinafunguka kwa mjukuu wangu bila kuuliza kitu. Nimezilipia mara ya pili na sijutii, ila natamani ningelipa mara moja.

#17 Zabibu Nyeusi

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya kulipa mara mbili inauma.

#18 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu.

#19 Mwana UDOM

Jamani na bando je? Mnasema shusha setapu kana kwamba ni wimbo. The Witcher 3 ni zaidi ya GB 40. Kwa bando la mtaani unauza simu.

Mimi ninavyofanya: nashusha usiku nikiwa chuoni, mtandao ukiwa mwepesi. GOG gemu kubwa wanaikata vipande, kila kimoja hakifiki GB 4. Unapata faili moja dogo la setapu na mengine yamepangwa namba. Siku ya kwanza nilidhani ni usumbufu, baadaye nikaelewa. Flashi nyingi za mtaani zimefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Vipande vinaingia vyote bila kubadilisha kitu. Kipande kimoja kikikatika katikati, unashusha hicho tu. Kisha naviweka kwenye diski ya nje ya GB 500 na kuandika kwa kalamu juu yake. Nimeshabadilisha laptopu mara mbili, sijarudia kushusha hata moja.

Steam nayo ina njia ya kuhifadhi nakala, lakini kuirudisha lazima programu iwepo na uwe umeingia kwenye akaunti.

#20 Kijana wa Kibaigwa

Sasa UDOM hapo umefungua mlango. Kama setapu iko kwenye diski na haiulizi chochote, si tunagawana tu bweni zima? Mtu mmoja ananunua, arobaini wanacheza.

#21 Mwana UDOM

Sijasema hivyo kaka, na sijawahi kufanya.

#22 Area C Gemu

Kibaigwa, hapo ndipo mimi naumia, na naomba unisikilize.

Natengeneza gemu. Peke yangu, chumba kimoja Area C. Nimetengeneza gemu ya bao la kete, ile ya mashimo 32, yenye hatua za namua na mtaji, na sheria zote za nyumba. Miezi kumi na minne. Sehemu iliyonitoa jasho ni kufundisha kompyuta kutakata (kucheza bila kula kete) bila kuzunguka bure. Niliiweka itch.io, bila kufuli lolote. Kule unajiwekea mwenyewe asilimia ya kuwaachia wenye duka, hata sifuri ukitaka, na mnunuzi anaweza kulipa zaidi ya bei akipenda. Steam kawaida wanachukua asilimia 30, na kuingiza gemu moja ni dola 100. Epic, waliofungua duka Desemba 2018, walianza kwa kuchukua 12.

Niliacha kufuli kwa sababu mbili. Kwanza, kufuli zuri lina gharama, na anayetaka kulivunja atalivunja. Pili, wachezaji wa bao ni wazee wa Zanzibar na watu wa vijijini, sitaki mzee aulizwe leseni. Lakini nilikuta gemu yangu imewekwa kwenye kundi la WhatsApp, mtu kaandika "chukueni bure". Siku ile niliuza nakala mbili. Kundi lilikuwa na watu mia mbili na zaidi. Sikulala.

Kutokuwa na kufuli si ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu.

#23 Kijana wa Kibaigwa

Mkuu Area C, samahani. Niliongea bila kufikiria. Weka jina la gemu nikainunue.

#24 Area C Gemu

Nimekutumia inboksi, hapa sitaki kuonekana natangaza. Asante sana.

#25 Nzuguni Mtaa wa Pili

Ila Area C, kwa hoja hiyo hiyo, huoni kwamba kampuni kubwa zina sababu ya kuweka Denuvo? Wewe umepoteza watu mia mbili. Wao wanapoteza malaki. Wanasema wenyewe kwamba wiki za kwanza ndizo zenye mauzo, kufuli likishikilia wiki hizo limeshafanya kazi. Na kweli kampuni nyingi huiondoa Denuvo baadaye gemu ikizeeka.

#26 Area C Gemu

Nimeliwaza sana hilo. Sijui kama wale mia mbili wangenunua. Labda watano. Labda hakuna. Na kama ningeweka kufuli, wale wawili walionunua wangekuwa kama mkuu #1 kwenye mbuyu. Spore ya 2008 waliibana kwa SecuROM, uiwashe kwenye kompyuta tatu tu, na bado iliibiwa mno, tena wengine wakisema wanaiba kwa hasira ya lile kufuli. Lakini The Witcher 3 ilitoka siku ya kwanza bila kufuli pale GOG na iliuza mamilioni. Sasa mmoja atasema ni kwa sababu ni nzuri. Ndiyo, ni nzuri. Mimi sina hesabu ya kumshinda mtu hapa, nina gemu moja tu ya bao.

#27 Ihumwa Relini

Na tusisahau lile la kutaka mtandao muda wote, lililo baya kuliko la leseni. Assassin's Creed II ya kompyuta, 2010, mtandao ukikatika unatolewa katikati ya gemu. Machi ya mwaka huo huo seva zikazidiwa, walionunua wakakaa nje. SimCity ya 2013 vivyo hivyo, mpaka 2014 ndipo wakaruhusu kucheza bila mtandao.

Nalikumbuka kila nikipanda SGR. Nikitoka Dar nafungua laptopu, tukifika milima ya Kilosa kwenye mahandaki simu inapoteza kila kitu. Gemu ya kutaka mtandao muda wote kwenye treni yetu haichezeki.

#28 Zabibu Nyeusi

Kwenye SGR mimi hulala, ila kweli mahandaki yale ni marefu. Siti za dirishani ndiyo kabisa huoni kitu.

#29 Mwenye Kibanda Chang'ombe

Mtandao huku haukatiki kwenye mahandaki tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, nchi ikawa gizani karibu yote. Kibanda changu kilijaa kuliko Jumapili ya dabi, maana PS4 zangu zina diski. Vijana waliokuwa na simu zenye gemu za mtandaoni walikuja kukaa kwenye benchi wakiangalia wenzao. Nilipata pesa siku ile, sitaficha, lakini niliona jambo.

#30 Binti wa Kondoa

Mzee wangu, diski za sasa nazo si za kuamini moja kwa moja. Nyingi zina sehemu tu ya gemu, nyingine unashusha.

Nirudi kwa Kibaigwa #4 na #6 kwamba GOG ndiyo jibu. GOG nao waliwahi kuteleza. Septemba 2021 walileta Hitman ambayo sehemu zake kubwa zilitaka mtandao. Wanunuzi wakaja juu, Oktoba wakaiondoa dukani. Nawasifu kwa kuiondoa, lakini ilipita mlangoni. Na gemu zinazochezwa na watu wengi mtandaoni, hata za kule, nyingi zinahitaji ile Galaxy yao.

Jambo jingine zuri la kule ni kurudisha pesa. Siku 30 hata kama umeshaicheza. Steam ni siku 14 na usizidi saa mbili za kucheza. Kwa mwenye laptopu dhaifu kama yangu, siku 30 zina maana.

#31 Mipango Hostel

Kwa wenye mashine za zamani: Steam iliacha kuhudumia Windows 7, 8 na 8.1 tarehe 1 Januari 2024. Setapu ya gemu ya zamani uliyonayo kwenye diski haijui habari hizo.

#32 Dada Lao Kizota

Mimi si mchezaji. Nimeuona uzi huu nikitafuta jambo langu, naombeni msaada.

Kaka yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa na gemu zaidi ya mia kwenye akaunti moja, alinunua kidogo kidogo tangu anaanza kazi. Mwanawe ana miaka tisa, anaziomba. "Gemu za baba." Neno la siri tunalo, alikuwa kaliandika nyuma ya daftari la VICOBA. Lakini nikasema nifuate utaratibu, nikawaandikia wenye duka, nikaambatanisha cheti cha kifo. Wakanijibu kwa upole kwamba akaunti hairithishwi wala haihamishwi. Barua imekaa kwenye simu yangu, sijui nimwambie nini mtoto.

#33 Mtoto wa Nkuhungu

Pole sana dada. Mungu amrehemu kaka.

#34 Wakili wa Chamwino

Pole dada yangu. Nitasema nijuavyo, si ushauri rasmi.

Masharti ya maduka mengi haya yanasema hununui gemu, unanunua leseni ya kuitumia, na leseni ni ya mtu mmoja. Mtu akiondoka, nayo imeondoka. California walitunga sheria Septemba 2024, ikaanza kazi 1 Januari 2025, kwamba muuzaji asiandike "nunua" kana kwamba unamiliki, bila kukueleza wazi kwamba ni leseni. Na sheria ile haimhusu anayekupa faili la kushusha na kulitumia moja kwa moja bila mtandao. Hata watunga sheria wameona tofauti mnayoijadili hapa.

GOG mwaka 2024 walisema hadharani kwamba wakiletewa amri ya mahakama watajaribu kusaidia kumhamishia mrithi. Dada, kama mirathi haijafunguliwa, nenda Mahakama ya Mwanzo mteue msimamizi, hilo mtalihitaji kwa mambo mengine pia. Orodhesha na akaunti ile kwenye mali. Hakuna anayeweza kukuahidi duka litakubali, lakini kuwaandikia ukiwa na barua ya mahakama si sawa na kuwaandikia ukiwa na cheti cha kifo peke yake.

Na setapu zilizopo tayari kwenye kompyuta ya marehemu, kama zipo, kompyuta ile ni mali ya mirathi.

#35 Dada Lao Kizota

Asante wakili. Kompyuta ipo. Leo jioni nitaiwasha na mtoto.

#36 Mwana UDOM

Dada, ukiiwasha usiiunganishe na mtandao kwanza. Angalia kama kuna folda la setapu. Na kabla ya yote nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ukikwama njoo inboksi, nipo hapa hapa mjini, nitakuja bure.

#37 Nzuguni Mtaa wa Pili

Hapo sina la kubishana. Niseme tu kwamba hata bila kifo, duka au seva inaweza kufa yenyewe. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ikazimwa seva 31 Machi 2024, na walioinunua haiwafungukii. Ndiyo ilizaa lile vuguvugu la Stop Killing Games, la kutaka gemu zisiuawe, na Julai 2025 sahihi za Ulaya zikapita milioni moja. Ndiyo, ni ya magari pia. Mkuu #1, yako si hiyo?

#38 Mtoto wa Nkuhungu

Siyo hiyo, yangu nikirudi mjini inafunguka.

Wakuu, nimefanya jaribio jana usiku. Nimezima ruta, nikaweka laptopu tarehe sahihi: gemu ya magari imefunguka. Nikarudisha tarehe mpaka 2016: imegoma, kidirisha kile kile cha kijivu.

#39 Fundi wa Makole

Nimemaliza. Njoo Makole na laptopu, betri ile ni bei ya chai na chapati.

#40 Ihumwa Relini

Hujamaliza kaka. Tangu arudi mjini amekuwa kwenye mtandao, kibali kimeshajifanya upya na Windows hiyo hiyo iliyosasishwa. Lazima ifunguke. Jaribio lake halipimi hali ya siku ile ya safari. Na kurudisha tarehe mpaka 2016 kunagomesha hata benki.

#41 Nzuguni Mtaa wa Pili

Na mlango wa pili alishauingia mjini, kwa hiyo nao unakumbuka. Jaribio lingine: toka kwenye programu ya B kabisa, zima ruta, acha tarehe sahihi.

#42 Mtoto wa Nkuhungu

Nimefanya sasa hivi. Imegoma. Ila maneno ya kidirisha si yale yale, hiki kinasema niingie kwenye akaunti. Cha kijijini kilisema leseni.

#43 Fundi wa Makole

Umeona.

#44 Ihumwa Relini

"Leseni" ni neno la kibali pia, si la saa tu.

#45 Mtoto wa Nkuhungu

Nashukuru wote. Ijumaa napanda basi la Kondoa tena, bibi ana mavuno. Betri nitabadilisha kesho kwa Fundi. Ile ya magari naiacha mjini. Dogo nimempakulia gemu ya bao ya Area C, nimeilipia, bibi atamfundisha kutakata.

Swali la mwisho: laptopu ya mjomba kule ina Windows ya 32-biti. Setapu yangu ya Stardew itakubali?

#46 Binti wa Kondoa

Toleo jipya linataka 64-biti. Ingia akaunti yako GOG kabla hujaondoka, uone kama kuna toleo la zamani la kushusha, ulibebe na hilo. Fanya leo, usingoje Alhamisi usiku.